Mwaka wa Mitalawanda

Ukitaka kujua marehemu alipendwa kiasi gani, tazama viatu mlangoni kwake. Siku ya hitma ya Bwana Nassor viatu vilijaa kizingitini, vikateremka ngazi za baraza, vikazagaa mpaka uchochoroni: makubadhi ya wazee, ndara za mpira, viatu vya ngozi vya watu wa maofisini, raba za vijana zilizokanyagwa visigino. Nilikuwa natafuta pembe ya kuweka vyangu, nisije nikarudi nyumbani na vya mwenzangu, nikasikia sauti nyuma yangu: "Bi Zuhura, siku hizi unavua mwenyewe, bila ya ugomvi?" Sikuwa na haja ya kugeuka. Alikuwa Makame, Mtumbatu mwenye maneno yake, aliyefanya kazi ya ufundi wa kompyuta pamoja nami katika nyumba hiyo hiyo tulipokuwa vijana. Kichwa kimekuwa cheupe na kitambi kimetangulia, lakini kicheko ni kile kile. Tulipeana pole, tukaulizana hali, kisha akainama kufungua kamba za viatu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunji. Najua tangu lini havikunji. Nilikuwapo.

Hapo Asya, binti wa marehemu, akatoka ndani. Alikuwa amejitanda kanga nyeupe, macho yamevimba. "Ami Makame," alisema, "wewe usivue." Makame akainua uso asielewe. "Baba kausia. Kasema watu wote wavue, Ami Makame aingie na viatu vyake." Makame akabaki pale pale ameinama, kamba ya kiatu mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri nafasi ya kupita akauliza kwa nini huyu peke yake. Jawabu ninalo mimi, na kwa kuwa tuliokuwapo tumebaki wawili, naliandika. Ya ukoo wangu na nilikozaliwa yaacheni, hayahusu. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana aliyemaliza skuli, ambaye majirani wameshaanza kumuuliza mama yake maswali, na kwamba nilipenda kufungua vitu kuliko kuvifunga.

Chumba cha kazi kilikuwa chini, mkono wa kushoto ukishapita mlango mkubwa. Zamani babu yake Bwana Nassor akipokea wageni humo, na ukutani vilikuwamo vidaka ambavyo wakati wake vilipambwa sahani za kaure. Sisi tulivijaza vifaa vya kompyuta, bisibisi na makopo ya misumari. Mwaka ule kompyuta zilikuwa bado nzito, na monita zilikuwa zile za migongo mirefu, ukiibeba moja ngazi mbili unahema. Tulikuwa watatu. Bwana Nassor, mwenye duka, alikuwa mtu wa programu na wa maneno machache. Makame ndiye aliyekuwa fundi wa monita, na uhodari wake sijauona tena. Mimi nilikuwa wa kuchomelea, kwa sababu mikono yangu ilikuwa myepesi. Harufu ya chumba kile bado ninayo puani: moshi wa risasi ya kuchomelea, udi uliokuwa ukiteremka kutoka ghorofani, na unyevu wa kuta za mawe ambazo mvua ikinyesha hunywa maji na kuyarudisha taratibu, zikitoa jasho mpaka chokaa inabanduka.

Sheria ya chumba ilikuwa moja, nayo haikuandikwa popote: viatu mlangoni. Nani kwetu angeuliza sababu? Nyumba ya watu haiingiwi na viatu. Tena pembeni palitandikwa mkeka, na ikifika adhuhuri Bwana Nassor na Makame wakisali hapo hapo, basi sakafu ilitakiwa iwe tohara. Kila asubuhi Bwana Nassor mwenyewe alikunja suruali akaipiga deki kwa ndoo mbili, ingawa alikuwa na uwezo wa kumwita mtu amfanyie. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake kabla ya baba yake. Ukikanyaga sakafu ile kwa miguu mitupu ulihisi baridi tamu inapanda mpaka magotini. Tuliipenda. Tulikaa kutwa nzima juu yake, peku, vidole vya miguu vikicheza chini ya meza, na mbele yetu umeme wa waya wazi.

Juu aliishi Bi Aziza, mama yake Bwana Nassor, bibi wa makamo ya juu aliyekuwa hashuki ngazi kwa ajili ya magoti. Yeye tulimjua zaidi kwa sauti ya miguu kuliko kwa uso. Alivaa mitalawanda, vile viatu vya mti vyenye msuruaki wa kushika kwa vidole, ambavyo bibi zetu wakivaa ndani ya nyumba. Akitembea, boriti zilisema ko, ko, ko juu ya vichwa vyetu, na Makame hakukosa kunong'ona, "Mtandao wa juu umewaka." Saa za chakula aliteremsha kikapu kwa kamba katika ua wa ndani: wali wa nazi, mchuzi wa papa, mchicha, na pilipili ya kusaga ndani ya kikombe cha kahawa. Wanaume walikula chini juu ya sinia moja. Mimi nilipanda kula naye, na yeye akinisimulia harusi za watu waliokwisha kufa. Nilikuwa na furaha mwaka ule. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani nilifanya kazi kwa mtu mbaya.

Masika yakaingia kwa nguvu. Dari ya ukumbini ikavuja, maji yakatiririka mpaka chumbani kwetu, na asubuhi moja Bwana Nassor alipiga deki mara mbili na sakafu haikukauka. Mezani ilikuwapo monita ya ofisi moja, picha yake imejikunja pembeni. Ili kuinyoosha picha ya monita zile ilibidi uifungue mgongo na umeme ukiwa unapita, uzungushe vijiskurubu ndani huku ukitazama kioo mbele. Ilikuwa kazi ya kila siku. Makame alikuwa anasimulia habari ya shemeji yake aliyenunua jogoo mgonjwa, sote tunacheka, mkono wake wa kushoto umeshika fremu ya chuma, wa kulia umo ndani. Kicheko chake kikakatika. Nilidhani anaigiza jogoo. Kisha nikaona shingo yake imekakamaa, na meno, na vidole vyake vinashika pale ambapo mtu angeachia. Nikaruka kumvuta. "Usimguse!" Bwana Nassor alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake kabla wala baada. "Zuhura, usimguse!" Alikimbia kwenye swichi kubwa, na swichi kubwa ilikuwa ukumbini, nyuma ya kabati, juu. Nilisimama mikono hewani, hatua moja kutoka kwa mtu anayekufa, nisimshike. Halafu taa zikazimika na Makame akaanguka chali juu ya sakafu ile ile.

Alipona, Alhamdulillahi. Hospitali walimfunga mkono, wakamwangalia moyo, wakamrudisha kwake Kikwajuni. Vidole viwili vilikuwa vimeungua mpaka ndani. Na mtaani maneno yakaanza, kwani Mji Mkongwe ukuta una masikio na dirisha lina mdomo. Wengine walisema nyumba ile ina wenyewe, mashetani wa tangu babu, hawapendi mitambo. Wengine walisema hakupiga bismillahi. Siku moja nilikuwa ghorofani nakula, nikamsikia Bwana Nassor uani anazungumza na mgeni aliyekuja kumpa pole. "Ajali haina kinga," mgeni alisema. Bwana Nassor akajibu, "Kinga ni utulivu. Makame ana mdomo, yakhe. Anacheka mkono umo ndani ya umeme. Simrudishi. Leo kanusurika yeye, kesho ataniulia mtu." Bi Aziza naye alisikia. Akainamisha kichwa akachambua mwiba wa samaki.

Jioni nilikwenda Kikwajuni. Makame alikuwa amekaa sebuleni, ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe kwa mkono ule mbovu ili vidole vizoee. Kila punje ilimponyoka. Mkewe alituletea chai na mkate wa ufuta, akarudi jikoni kwa haraka, nami nikajua amekwenda kulia. Nilimwambia kwamba Bwana Nassor ana hasira tu, zitapoa. "Hana hasira," Makame alisema. "Ana haki. Mimi ndo nliozembea, Zuhura. Nlikuwa nnacheka." Hakunitazama. Mtu yule, aliyeweza kuisikiliza monita ikilia akakwambia kilichokufa ndani yake, alikuwa ameshakubali kwamba yeye si fundi. Wapo wanaosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi ule ulinielemea. Nilitoka pale na hasira kubwa, na hasira ile sikuitaka ipoe.

Kwani mara ngapi tulicheka mikono imo ndani ya umeme? Tulicheka kaskazi yote, tulicheka kiangazi, na hakuna aliyeshikwa. Mara nyingine umeme ulitugonga, tukasema "Astaghfirullah," tukapuliza vidole, tukaendelea. Siku ile kulikuwa na tofauti gani? Nilijilaza kitandani nikaipitisha ile asubuhi tena na tena, na kila nilipofika mwisho niliona kitu kimoja: nyayo za Makame juu ya sakafu inayong'aa kwa maji. Umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini, hilo tulifundishwa sote. Nyumba ile ilikuwa ya zamani, soketi zake za matundu mawili, waya wa ardhi haumo. Basi waya wa ardhi ulikuwa Makame. Tena tulikuwa sisi sote, kila siku, kwa adabu zetu, tumevua viatu tukajifunga wenyewe kwenye ardhi, na mwenye nyumba akatulowanishia.

Asubuhi yake nilinunua ndara mpya za mpira, nikazibeba mkononi mpaka kizingitini, nikazivaa pale. Bwana Nassor aliziona kabla sijaitoa salamu. "Zuhura, viatu." Nikamwambia, "Hivi vya ndani, Bwana Nassor. Havijakanyaga njia. Umeme uliompata Makame umepita miguuni, sakafu ilikuwa maji." Uso wake ukabadilika, ukawa mgumu namna ambayo wakati ule niliiona kuwa ni kiburi. "Mimi nnakanyaga sakafu hii peku tangu nnatambaa. Haijanidhuru. Ndara ni ndara, na humu tunasali." Nikasema, "Basi mimi ntafanya kazi barazani." Akasema, "Barazani hakuna umeme." Nikamjibu, "Ndiyo maana."

Nikatoka na bisibisi zangu. Sikufukuzwa wala sikuacha kazi, nilihamia nje. Hapo barazani nilifungua mashine zilizozimwa, nikazisafisha vumbi, nikabadilisha vipande visivyohitaji moto. Nilichomelea nilipoweza kwa jirani fundi saa, aliyenipa soketi na kibao cha kukanyagia. Watalii walinipiga picha. Wapita njia walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mama alinambia nimemdhalilisha, kwamba mtoto wa kike hagombani na mwenye nyumba juu ya kizingiti chake. Nilikuwa na hofu, sitodanganya, maana duka jingine la kumchukua mwanamke halikuwapo. Lakini kila nilipotaka kuregea nilikumbuka ungo wa mchele. Kwa ukaidi huo huo nilizivua bangili zangu, dhahabu za tangu utotoni ambazo zilikuwa hazitoki tena mkononi. Nilizitoa kwa sabuni na machozi, kwa sababu nilikwisha kufikiria ziko karibu na umeme kiasi gani nikifanya kazi. Jirani akauliza kama uchumba umevunjika, nami sikuwa na mchumba.

Siku nyingi zilipita hivyo. Mvua zikakatika, baridi ya kipupwe ikaja ikaenda, na watu wakaanza kuzungumza habari ya vuli. Kikapu cha Bi Aziza kilikuwa sasa kinateremka kutoka dirishani, upande wa njia, moja kwa moja mapajani mwangu, na mtaa mzima ukajua bibi yuko upande gani, au angalau anamlisha nani. Mchana mmoja kikapu kilishuka kitupu. Nikainua kichwa. "Panda," alisema. "Mtaa umeshatutazama ya kutosha." Nilivua ndara mlangoni, nikapanda. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipakulia. Nilipokuwa nakula niliona kupitia uani kwamba monita zimepangwa ukumbini mpaka chini ya ngazi, hakuna wa kuzitengeneza. Moja ilikuwa mezani, mgongo wazi. "Nani anafanya monita, Bi Mkubwa?" Alisema, "Nassor mwenyewe. Kaanza jana. Wateja wamemchosha." Nikaweka tonge. "Peku?"

Bi Aziza alichungulia uani. Nilimweleza kila kitu, kwa mara ya kwanza mtu alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipotaja maji ya vuli aliisogeza sahani pembeni. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Akatazama miguu yake. "Mti unapitisha umeme?" aliuliza. Nikasema mti mkavu haupitishi, ukilowana ndiyo shida. "Hii mitalawanda haijapata kuonja njia tangu ilipotoka kwa seremala," alisema. "Mimi nnasali chumba hiki hiki, naivua pembeni mwa mswala, naivaa tena. Nani kanambia nimenajisi nyumba?" Akainuka. "Nishike mkono. Nnashuka." Nikamkumbusha magoti. "Magoti yangu, si yako," alisema, na tukateremka, kidato kwa kidato, yeye akilalama na mimi nikiwa nimeibana mitalawanda yake kwapani.

Bwana Nassor alisimama alipomwona mama yake chumbani. Sidhani kama alikuwa amemwona chini tangu mazishi ya baba yake. "Zuhura ana kitu cha kukuonesha," Bi Aziza alisema, akaketi juu ya kigoda. Mimi nilikuwa na testa mfukoni, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini ambayo kila fundi anayo. Ukigusisha ncha yake kwenye umeme, na kidole chako kikaziba kichwa chake, umeme mdogo usiodhuru hupita mwilini mwako kwenda chini, na kitaa huwaka. Tuliitumia kutafuta waya wenye moto, basi. Hakuna aliyepata kuitumia kujitazama mwenyewe. Nilimpa Bwana Nassor. Alikuwa peku, na sakafu ilikuwa bado na unyevu wa deki ya asubuhi. Akaitia testa kwenye soketi. Kitaa kikawaka chekundu, wazi kabisa. "Sasa vaa," mama yake alisema. Alivaa mitalawanda ya mamake, midogo kwake, visigino vinaning'inia nje, na lau Makame angekuwapo angekufa kwa kucheka. Akatia testa tena. Kitaa kilififia mpaka ikabidi akizibie mwanga kwa kiganja kukiona. Akavua, akajaribu. Akavaa, akajaribu. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Halafu akakaa chini, juu ya ile sakafu. "Mama," alisema, "asubuhi ile nliipiga deki mwenyewe. Mara mbili." Bi Aziza akasema, "Najua, mwanangu." Nilitazama ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kushinda, nina maneno yangu tayari, na ghafla sikuyataka. Nilielewa kwamba ule uso mgumu wa kizingitini haukuwa kiburi. Alikuwa ameshalijua, au nusu yake alilijua, tangu alipomwona Makame amelala chali ndani ya maji aliyoyamwaga yeye, na akalikimbia kwa kumtupia Makame. Sikumsamehe kwa hilo. Lakini nililiona. Alisema, bila ya kuinua kichwa, "Kamwite."

Nilikwenda Kikwajuni mbio, ndara zinapiga visigino. Makame alikataa, mkewe akamsukuma, akaja. Bwana Nassor alimpokea mlangoni akamwambia, "Monita zimekungoja." Neno lile jingine, kwamba kosa halikuwa la Makame, hakulitamka. Mambo ya kazi, mgala muue na haki yake mpe, aliyafanya yote, tena kwa bidii ya mtu anayelipa. Seremala alitutengenezea mitalawanda, kila mtu jozi yake kwa kipimo cha mguu wake, ikipangwa ndani ya kizingiti: viatu vya njia vinavuliwa huku, vya mti vinavaliwa kule, na mswala unakanyagwa peku kama zamani. Chini ya meza alitengeneza jukwaa la mbao. Deki ikahamia jioni, kazi ikishafungwa na umeme umezimwa. Swichi kubwa ikatolewa nyuma ya kabati ikawekwa mlangoni, usawa wa mkono wangu mimi, niliyekuwa mfupi kuliko wote. Fundi umeme akatuvutia waya wa ardhi. Na ukutani, katika kidaka kimoja, tuliegemeza mchi mkavu wa Bi Aziza, wa kumsukumia mtu akishikwa, na ole wake aliyeutumia kutwanga. Makame alituongezea sheria yake: monita ikiwa wazi, mkono mmoja mgongoni, na ukishaichomoa uivute kwanza ule umeme wake uliobaki, kwa sababu monita huweka umeme kama mtu anavyoweka kinyongo. Kucheka, alisema, ruhusa.

Vuli ilinyesha, dari ikavuja upya. Ko, ko, ko ikawa sasa inatoka juu na chini, na wateja walitucheka, wakasema hapa kompyuta zinatengenezwa na maharusi, kwani zamani bibi harusi ndiye aliyevishwa mitalawanda. Umeme ulimgonga Bwana Nassor mara moja mwezi ule, mkono wake ukateleza ndani ya monita. Aliruka, akaachia, akabaki amesimama anapumua, akatazama miguu yake. Makame ndiye aliyemsogezea kikombe cha maji.

Kutoka mwaka ule nilitoka mtu mwengine. Nilifundisha ufundi muda mrefu baadaye, na kila darasa nililianza kwa kuwaambia vijana wavue viatu, washike testa, wajione wenyewe wanavyong'aa. Makame alifungua duka lake, akafanya kazi kwa vidole vinane, akasomesha watoto. Kila tulipokutana nilimuuliza kama Bwana Nassor amelisema lile neno. "Kanirudisha kazini, kanipa ada zote," alisema. "Lakini kunambia kwamba sikuwa mimi, bado." Alikuwa akisema kwa mzaha, na mzaha huo ulizeeka pamoja naye. Mimi nadhani kwamba, katika miaka yote hiyo, ungo ule wa mchele haukutoka mapajani mwake.

Kwa hiyo niliposikia "aingie na viatu vyake" mlangoni pale siku ya hitma, nilishika nguzo ya baraza. Mtu aliyekataa hata ndara mpya! Aliisubiri siku ambayo hataweza kutazamana naye uso kwa uso, kisha akalisema lile neno mbele ya mtaa mzima, kwa lugha ambayo wawili tu kati yetu waliielewa. Nilitaka kumkasirikia kwa kuchelewa. Sikuweza, nikalia.

Makame alisimama wima, viatu vyake viko miguuni, vyeusi, vina tope la uchochoro. Akanitazama, kisha akamtazama Asya. Akainua mguu, akavuka kizingiti, akakanyaga sakafu ile kwa kiatu chake, hatua moja. Alama ya tope ikabaki nyuma ya kisigino. Alikaa hapo kitambo, amefumba macho, midomo yake inasema kitu ambacho sikukisikia. "Asya, mwanangu," alisema mwisho, "nimeingia. Mwambie mama yako huko edani nimeingia, na nimesikia." Halafu akainama tena kwenye kamba zake. Asya akasema, "Lakini Ami, Baba kausia." Makame akasema, "Nyumba ya watu haiingiwi na viatu."

Vidole vilimgomea, kamba ikajikaza. Asya akapiga magoti pale pale juu ya sakafu, mbele ya wazee wote waliokuwa wanangoja, akamfungulia cha kulia, kisha cha kushoto. Makame akaenda peku kwa wanaume, ambako Yasini ilikuwa imeshaanza. Mimi nikaviokota viatu vyake, nikavipanga juu ya vyangu penye pembe, visipotee, nikapanda ngazi kwa wanawake.